Bunduki ya babu: Uirejeshe au uigeuze?

TUSEME marehemu babu yako ameacha bunduki kuukuu ya marisau, yenye mitutu miwili, iliyoundwa mjini Birmingham, Uingereza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kitako kimepasuka, skrubu mbili hazipo na nyundo ya upande wa kushoto imepotea.

Ami yako ashikilia kwamba irejeshwe ilivyokuwa. Kaka yako naye ataka mitutu ikatwe kwa msumeno na kitako cha kisasa kiwekwe, mradi ilie. Je, msomaji, wewe ungemuunga mkono nani?

Sheria kwanza

Kabla ya kumtafuta fundi, fahamu kwamba nchini Kenya silaha hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayeweka bunduki sharti awe na cheti chake mwenyewe. Cha marehemu hakitakufaa. Waarifu polisi mapema, na kazi yote umwachie fundi aliyeidhinishwa. La sivyo, utajikuta kizimbani ukimsimulia hakimu habari za babu.

Mkono na mashine

Tuje kwa sehemu zilizopotea. Mafundi wa Birmingham wa enzi hizo walitumia tupa na mkono, kila kipande kikilainishwa hadi kiingie katika bunduki moja tu. Nyundo iliyotolewa kwenye bunduki nyingine, hata ya karakana ile ile, huenda isikae sawasawa. Fundi hulazimika kuchonga mpya, akiiga ile ya upande wa kulia.

Linganisha na Winchester Model 1897 ya Marekani, aliyoibuni John Browning. Hiyo iliundwa kwa mashine kuanzia 1897 hadi 1957, na zaidi ya milioni moja zikauzwa. Vipuri vyake vya asili bado hupatikana kutoka kwa zile zilizokwisha kufa.

Kwa hivyo kitako, skrubu na nyundo vyaweza kurejeshwa. Ufa huzibwa kwa gundi, nao ubao hupakwa mafuta ya kitani. Lakini usikubali mitutu isuguliwe kwa msasa ili ing'are. Wapenzi wa vitu vya kale huithamini rangi ya asili iliyochakaa kuliko mng'aro wa juzi. Aidha, msasa hufuta mihuri.

Mihuri yasemaje?

Mihuri hiyo si mapambo. Tangu 1813, mji wa Birmingham umekuwa na nyumba rasmi ya majaribio, ambako mitutu hulipuliwa kwa baruti kali kuliko ya kawaida kabla ya bunduki kuuzwa. Inayostahimili hupigwa muhuri. Ukichimba au kupunguza chuma, huenda muhuri ukawa hauna maana tena.

Hapa ndipo penye hatari. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina chumba cha risasi cha milimita 65, ilhali risasi nyingi za siku hizi ni za milimita 70. Ajabu ni kwamba risasi hiyo ndefu huingia bila taabu, kwa kuwa urefu wake hupimwa mdomo ukiwa umefunguka. Inapolipuka, mdomo hukosa nafasi ya kutosha, shinikizo hupanda, na mtutu mchovu waweza kupasuka karibu na vidole vya mpigaji.

Kurefusha chumba nako hula chuma kilichokuwa kikikukinga. Na endapo mitutu ni ya Damascus, yaani ile ya vipande vya chuma vilivyosokotwa na kuunganishwa kwa moto, kutu yaweza kujificha ndani ya maungio.

Kaka na msumeno wake? Mtutu mara nyingi hubanwa kidogo mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi. Ukiukata, umeutupa ubano huo, na bunduki ya babu yafanana sasa na silaha ya jambazi.

Shauri letu basi: kipande kisichobeba nguvu za baruti, kirejeshe. Mtutu na chumba, mtaalamu avipime kwanza. Akisema vimechoka, mwamini. Si lazima kila bunduki ilie tena.

Nyundo iliyokosekana yaweza kuchongwa hata mwakani. Mtutu uliokatwa haurefuki. Majuto ni mjukuu, na katika kisa hiki mjukuu ni wewe.