Sura ya 5: Mahali pa Kukaa Huulizwa Oktoba

Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, na uamuzi wa 1973 uliotekelezwa nusu nusu kwa miongo minne ukaanza kutimizwa, watu hawajaacha kuniuliza swali moja. Watumishi, wafanyabiashara na wastaafu huuliza: ninunue kiwanja wapi? Iyumbu au Nzuguni? Msalato kwa sababu ya uwanja wa ndege, au Ihumwa kwa sababu ya Mji wa Serikali pale Mtumba? Wanakuja na bei mkononi, ramani ya dalali, na maneno waliyoyasikia kwenye semina ya fursa kwamba bei ya kiwanja haishuki. Wanaoniuliza kuhusu maji ni wachache sana, na karibu wote ni wanawake.

Kiwanja cha kuuza na kiwanja cha kulea watoto havichaguliwi kwa kipimo kimoja. Sura hii inahusu cha pili. Nimeipanga katika mambo matatu: maji, udongo na njia ya kila siku.

Nianze kwa kuondoa uongo unaosemwa na watu wa pwani, kwamba Dodoma ni jangwa. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kiasi kinachokaribiana na cha London. Tofauti ni kwamba London mvua husambaa mwaka mzima, na Dodoma karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka Novemba inapoelekea ukingoni. Anayekuja Februari huona majani mabichi, mtama umesimama, makorongo yanatiririka, na anatoa malipo ya awali siku hiyo hiyo. Ameiona Dodoma ya miezi mitano. Familia yake itaishi pia ile ya miezi saba iliyobaki, na mwezi unaosema kweli ni Oktoba.

Kwa miongo mingi maji ya mji huu yametegemea visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji. Kina cha maji katika bonde lile kimepimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu zake ni hazina kwetu tunaochunguza maji ya ardhini, kwa kuwa ni sehemu chache sana za Afrika zenye vipimo vya muda mrefu namna hiyo. Zinaonesha jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. Mvua ya kawaida haiongezi karibu chochote chini ya ardhi, kwa sababu udongo na mimea huimaliza kabla haijazama. Maji hupanda katika miaka michache tu ya mvua kubwa kupita kiasi, kama msimu wa El Niño wa 1997/98, halafu hushuka polepole mwaka hadi mwaka mpaka mvua nyingine ya namna hiyo ije. Ni ghala linalojazwa mwaka wa neema na kuliwa miaka mingi. Basi mtu anapokuambia kwamba kisima cha jirani kilichochimbwa mwaka juzi kina maji tele, muulize mwaka juzi ulikuwa mwaka gani wa mvua. Tena muulize ni watu wangapi wamechimba tangu wakati huo.

Hapo ndipo ninapokutana na kosa lililoenea kuliko yote: "Maji yasipofika nitachimba kisima changu." Hutamkwa kana kwamba maji yametandazwa sawasawa chini ya mkoa mzima. Sehemu kubwa ya Dodoma imekaa juu ya mwamba wa itale, na itale zima halihifadhi maji. Maji hukaa mahali pawili tu: katika tabaka la juu la mwamba uliooza kwa muda mrefu sana mpaka ukawa changarawe, na katika nyufa zilizopasua mwamba ulio chini yake. Tabaka lile likiwa jembamba, kisima hukauka Septemba. Ufa ukikosekana, mtambo utachimba mita 100 za jiwe kavu na utalipia kila mita. Viwanja viwili vinavyopakana vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikatoa maji ya kutosha nyumba kumi na kingine kikatoa vumbi. Na hata maji yakipatikana, yanaweza kuwa ya chumvi kiasi cha kutofaa kunywa wala kumwagilia mchicha.

Njia ya kujua ni upimaji wa kitaalamu kwa vifaa vinavyosoma jinsi ardhi inavyopitisha umeme, kwa kuwa mwamba uliooza wenye maji huupitisha tofauti na jiwe kavu. Kisha huombwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na kisima kikishachimbwa hupigwa pampu kwa saa nyingi mfululizo huku kina kikipimwa, ili ijulikane kinatoa kiasi gani bila kuchoka. Halafu maji hupelekwa maabara.

Badala ya hayo, watu wenye shahada wanamlipa mtu anayetembea kiwanjani na kijiti cha panda mkononi, akisubiri kiinamie ardhi. Kijiti kimejaribiwa mara nyingi kwa majaribio ya haki, na hakijawahi kushinda kubahatisha. Anapopata maji, amepata kwa sababu alisimama mahali penye maji. Wengine wanaambiwa kwamba penye mbuyu pana maji karibu, au kinyume chake, kwamba kiwanja chenye mbuyu kina mzimu na watoto watasumbuka. Mbuyu huishi kwa kuhifadhi maji ndani ya shina lake, ndiyo maana unastawi palipo pakavu. Hauoneshi maji yaliko, wala haumdhuru mtoto. Kwa familia nyingi ninazozifahamu, fedha zilizolipwa za kuzindika kiwanja zingetosha kupima maji yake.

Kabla sijaliacha jambo la maji, nalazimika kusema na wanaohamia miteremko ya Meru huko kaskazini, na sehemu za Singida. Tumefundishwa tangu shuleni kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu, na ni tabia njema. Lakini floraidi, madini yaliyoyeyuka katika maji ya huko, haichemki ikaondoka. Maji yanapopungua sufuriani floraidi hubaki, na hivyo kiwango chake huongezeka. Kiwango cha juu kinachokubaliwa ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vya Arusha vinavyozidi hapo mara kadhaa. Mzazi aliyehamia akiwa mtu mzima hunywa maji hayo miaka mitano, hutazama meno yake, huyaona meupe, na kusema habari zile ni porojo. Meno yake yalikwisha kuumbika huko alikotoka. Ya mtoto wake wa miaka mitatu ndiyo yanaumbika sasa ndani ya ufizi, na yatatoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi, hupinda mifupa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana tatizo hili, na chujio la mkaa wa mifupa lililofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto hupunguza floraidi. Uliza kipimo cha maabara kabla ya kuuliza kodi ya nyumba.

Sasa udongo. Nilikusudia kuueleza kwa ufupi, lakini udongo wa Dodoma hauelezeki bila kufika Kongwa.

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki chache, sehemu kubwa ukitazama kutoka kwenye ndege, ukapendekeza mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni 3, mengi yakiwa Tanganyika. Kongwa ilichaguliwa iwe ya kwanza. Ilikuwa karibu na reli ya kati na, jambo lililowafurahisha zaidi, ilikuwa tupu.

Ningependa kila anayehama akae na neno hilo, tupu. Wagogo walikuwa wakilisha ng'ombe na kulima mtama na uwele pande zile kwa vizazi vingi, na walikumbuka njaa ya Mtunya ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Walijua ni wapi mvua inakosekana mara kwa mara, na huko hawakujenga tembe zao. Utupu ule ulikuwa taarifa iliyokusanywa kwa gharama ya maisha ya watu. Wageni waliusoma kama nafasi.

Yaliyofuata yalitokana na udongo. Wakati wa mvua ule wa Kongwa ulilimika. Jua lilipopiga, mfinyanzi wake uliganda ukawa mgumu kama saruji, na mchanga mkali uliomo ndani yake ukala majembe ya matrekta. Karanga huzaa chini ya ardhi, kwa hiyo hata zilizokomaa hazikuchimbika. Walipojaribu alizeti, ukame ukaiunguza. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na pauni milioni 36 hivi zilifutwa kwenye vitabu. Kongwa leo ina ranchi ya ng'ombe, yaani ardhi imerudi kwenye kazi ambayo wenyeji waliipa tangu mwanzo.

Kiwanja kitupu katikati ya mtaa uliojaa kinahitaji kuulizwa swali hilo hilo. Huenda mwenyewe yuko Mwanza anasubiri bei. Huenda ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, unaopasua kuta zisizojengewa msingi wake. Huenda ni njia ya korongo ambalo halijapitisha maji kwa miaka sita, na mvua moja kubwa italipitisha sebuleni. Majibu haya hayapo kwenye ramani ya dalali. Yapo kwa mzee aliyezaliwa pale. Mwamkie kwa Kigogo, "mbukwenyi", kaa, msikilize.

Kuhusu njia ya kila siku nitasema machache, kwa sababu hapa watu huona wenyewe. Pima umbali wa mtoto kufika shule kwa miguu na wa mgonjwa kufika hospitali usiku, si wa gari kwenda Mtumba saa nne asubuhi. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma 2024 imewafanya baadhi ya akina baba waache familia Dar es Salaam na kuja wenyewe kila wiki. Sijashawishika kwamba huko ni kuhama.

Kama umekwisha kupewa barua ya uhamisho, usinunue kitu mwaka wa kwanza. Panga nyumba katika mtaa unaoutamani na ukae humo kiangazi kizima. Oktoba nenda kwa mama jirani umuulize: "Mama, mwezi huu mnachota wapi, na dumu ni shilingi ngapi?" Muulize boza huja mara ngapi na mgao wa bomba ni siku zipi. Baada ya hapo nenda ofisi ya ardhi ya jiji ukakague hati, na ndipo ulipe.