Kwa Nini Mbuzi ni Wengi na Simba ni Wachache Kipsing

Katika nyika ya Kipsing, magharibi mwa kaunti ya Isiolo, ambako wafugaji huchunga mbuzi, kondoo, ngamia na ng'ombe kando ya laga, yaani mkondo wa mto ambao hubaki mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, simba wangekuwa wachache hata kama hakuna mtu aliyewahi kuwawinda. Jua la huko ni kali, lakini mmea hunasa sehemu ndogo mno ya mwanga unaouangukia, kwa kawaida isiyofika asilimia 2, na kwa usanisinuru, yaani kuunganisha maji na hewa ya kaboni kwa nguvu ya mwanga, huigeuza kuwa sukari. Maji yakiadimika, kiasi hicho hushuka zaidi, kwa hiyo kinachoweka mpaka wa uhai hapo si jua, ni mvua.

Mbuzi alapo majani ya mgunga, nishati nyingi hutoka kwa kinyesi au hutumika kuupasha mwili joto, kutembea na kupumua, na kidogo tu ndicho huwa nyama, mafuta na maziwa. Wanaikolojia hukadiria kwamba takriban asilimia 10 hupanda kutoka ngazi moja ya ulaji hadi inayofuata, ingawa kwa wanyama wenye damu moto kiwango mara nyingi huwa chini ya hapo. Kwa kadirio hilo, kilojuli 10,000 za majani huacha 1,000 kwa mla majani, awe mbuzi au pundamilia, na 100 kwa simba.

Mwanaikolojia Charles Elton wa Uingereza aliueleza mpangilio huu wa piramidi mwaka 1927 kwa kuhesabu wanyama. Raymond Lindeman wa Marekani, aliyefariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 26 kabla makala yake hayajachapishwa, akaupima kwa nishati. Tofauti hiyo ni kubwa, kwani mgunga mmoja hulisha maelfu ya wadudu, na hapo piramidi ya hesabu husimama kichwa chini, ilhali piramidi ya nishati haipinduki kamwe.

Ujuzi wa mfugaji unastahili heshima hapa. Mnyama aliyechinjwa hutoa chakula mara moja, lakini anayekamwa huendelea kugeuza nyasi na majani ya miiba, ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuyameng'enya, kuwa mlo wa kila siku, na kwa malisho yale yale maziwa hushibisha watu wengi kuliko nyama. Tena ng'ombe na kondoo hutegemea zaidi nyasi, huku mbuzi na ngamia wakifikia vichaka na miti ambayo, kwa mizizi yake mirefu, hubaki na majani nyasi zikishakauka.

Mvua zikikosekana misimu mitano mfululizo, kama ilivyokuwa kaskazini mwa Kenya kati ya Oktoba 2020 na Desemba 2022, mifugo hufa na nishati iliyowekwa akiba miilini mwao kwa miaka huwaendea fisi na tumbusi kwa mkupuo, kisha huisha. Nyasi huweza kurudi wiki chache baada ya mvua, mradi mbegu na udongo havijasombwa. Mifugo hukawia zaidi. Mbuzi hubeba mimba miezi 5 na wakati mwingine huzaa mapacha. Ngamia hubeba takriban miezi 13, huzaa ndama mmoja, na ndama huyo, akiwa jike, hungojewa miaka kadhaa kabla ya kukamwa.