Kikulacho ki Mzingani Mwako

Ndugu msomaji, kama wewe ni miongoni mwa wafanyakazi wa Dar es Salaam waliojipatia kiwanja Chamazi, kule Temeke ng'ambo ya Mbagala, na nyuma ya nyumba yako kimebaki kipande cha ardhi chenye minazi miwili mitatu na mkorosho mmoja, hapana shaka umekwisha kushauriwa ufuge nyuki. Ushauri huo si mbaya. Nyuki hawanunuliwi pumba kila wiki kama kuku, wala hawakatiwi majani kama ng'ombe. Miembe na mikorosho ya mtaa mzima huwalisha bila kudai malipo, na minazi hutoa maua mwaka wote.

Hata hivyo, wako wengi walioanza shughuli hii kwa furaha wakaishia kwenye majonzi. Siku ya kurina inapofika, mwenye mzinga huchukua ndoo na bomba la moshi, akafunua mfuniko, na badala ya asali akalakiwa na harufu ya machungwa yaliyooza. Masega yametota ute, asali inachuruzika kama maji na kutoa povu, na ndani yake wanajinyonganyonga mabuu meupe wasiohesabika. Nyuki wenyewe hawapo. Hapo huanza maneno: huyu husema ni kijicho cha majirani, yule husema ni dawa ya mbu iliyopulizwa mtaani. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Aliyemaliza kazi hiyo ni mdudu mdogo mweusi aliyekuwamo mzingani tangu mwanzo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Kwa mfuga nyuki, nguo hiyo ni mzinga.

ADUI MWENYEWE

Mdudu huyu ni mbawakavu, yaani wa jamii ya wadudu wenye mabawa magumu yaliyofunika mgongo kama gamba. Wataalamu humwita Aethina tumida, jina alilopewa mwaka 1867 kutokana na vielelezo vilivyotoka Afrika Magharibi. Urefu wake ni milimita 5 hadi 7 tu; rangi yake ni ya kahawia iliyokoza au nyeusi, na ncha za vipapasio vyake zimevimba kama rungu. Huchukia nuru. Ukifunua mzinga utamwona akitimua mbio kuelekea kwenye pembe na nyufa.

Mbawakavu jike hutaga mayai yake kwa mafungu ndani ya nyufa nyembamba ambamo nyuki hawawezi kupenya. Baada ya siku 2 hadi 4 mayai huanguliwa, na hapo ndipo maangamizi huanza. Mabuu hula kila kitu: asali, chavua na majana. Wanapotambaa huacha hamira ya asili ambayo huichachusha asali, na ndiyo chanzo cha lile povu na ile harufu. Nyuki hawaigusi tena asali ya namna hiyo, na binadamu naye haimfai.

Mabuu wakishiba, kwa kawaida baada ya wiki moja na nusu hadi mbili, hutoka mzingani na kujichimbia udongoni. Wengi wao hawaendi mbali; utawakuta karibu na miguu ya mzinga, katika sentimita 10 hadi 20 za juu za ardhi. Humo hugeuka pupa, na baada ya wiki tatu au nne hivi hutoka wakiwa wadudu kamili, tayari kuruka kilometa kadhaa kutafuta mzinga mwingine kwa kufuata harufu. Kumbuka jambo hili, msomaji, kwa kuwa lina maana kubwa katika kinga: sehemu ya maisha ya adui huyu haimo mzingani, imo ardhini uani mwako.

Usimchanganye na nondo wa nta, ambaye pia huharibu masega. Buu wa nondo hufuma utando kama wa buibui. Buu wa mbawakavu hafumi utando wowote bali huacha ute. Ana miguu sita tu, yote karibu na kichwa, na mgongoni ana safu za vijiba vidogo.

NYUKI WETU NA WA WENZETU

Mbawakavu huyu ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara. Nyuki wetu wameishi naye karne nyingi na wamejifunza namna ya kukaa na adui mmoja nyumbani. Humfukuza, humsukumia pembeni, na mahali pengine humzungushia gundi yao na kumweka kifungoni huku walinzi wakimchunga. Mfungwa naye ana ujanja wake: hupapasa vinywa vya walinzi hao hata wakamtemea chakula, wakidhani ni mwenzao. Na mambo yakizidi, nyuki wa Afrika hufunga safari na kuhama wote pamoja.

Nyuki wa Ulaya hawana mazoea hayo kwa kiasi hicho. Mwaka 1998 mdudu huyu alitambuliwa katika jimbo la Florida, Marekani, na wafugaji wa huko wakapoteza maelfu ya makundi. Alifika Australia, na ilipofika Septemba 2014 alionekana Calabria, kusini mwa Italia, ambako serikali iliamuru mizinga iliyoambukizwa iteketezwe. Sisi tuliwahi kuonja masaibu ya namna hiyo upande wa pili. Dumuzi wa mahindi, ambaye wakulima walimpachika jina la Skania, alitoka Amerika ya Kati akaingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akayageuza mahindi ya ghalani kuwa unga. Dumuzi alikuja kwetu akawa mharibifu mkubwa. Mbawakavu alitoka kwetu akawa mharibifu mkubwa kwa wenzetu.

Kutokana na hayo twaweza kupata fundisho la kwanza, nalo ndilo kuu kupita yote. Katika nchi yetu mbawakavu hushinda mara chache mzinga wenye nguvu. Huyu ni kama fisi: humfuata mgonjwa. Kundi likidhoofishwa na njaa, na siafu, na mrinaji asiye na huruma, au na mwenye mzinga anayefunua kila siku kutazama kama asali imeiva, ndipo mbawakavu hupata nafasi. Basi anayetaka kumshinda hana budi kuanza kwa kuwatunza nyuki.

MZINGA UFANANE NA KUNDI

Kwanza, tazama ukubwa wa mzinga. Kundi dogo ndani ya sanduku kubwa ni sawa na mlinzi mmoja aliyepewa ghala kumi. Katika mzinga wa viunzi, weka ubao wa kugawia ili nyuki wabaki na nafasi wanayoweza kuilinda, kisha usogeze ubao huo kadiri wanavyoongezeka. Kila sega lifunikwe na nyuki pande zote. Sega lililo tupu liondolewe.

Pili, ziba nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ni kweli tupu. Viunzi vibanane sawasawa, mfuniko ukae vizuri, na mlango uwe mdogo kiasi ambacho walinzi wachache wanaweza kuulinda.

Tatu, usifunue mzinga bila sababu. Kila unapong'oa kiunzi unavunja magereza ambayo nyuki wameyajenga kwa taabu, na wafungwa wote hutoroka. Ukifunua, fanya hivyo jioni, ukiwa umevaa mavazi ya kinga na una moshi wa kutosha, na umalize upesi.

Nne, waondolee nyuki maadui wengine. Tundika mzinga kwa waya, au uweke juu ya kichanja chenye miguu mirefu, kisha paka grisi kwenye waya au miguu hiyo ili siafu na sisimizi wasipande. Weka maji safi karibu, ili nyuki wasiende kuyatafuta kwenye mabomba ya majirani.

ARDHI CHINI YA MZINGA

Sasa turudi kwenye lile jambo la ardhi. Pupa wa mbawakavu hustawi katika udongo laini wenye unyevu, nao udongo wa kichanga wa Chamazi, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, humpa kitanda kizuri. Kwa hiyo usiweke mzinga kwenye kivuli kizito mahali ambapo maji ya bafuni au ya kufulia yanatuama. Chagua mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwani jua kali la saa nane laweza kuyeyusha nta na kuangusha masega. Fyeka nyasi, na uhakikishe maji ya mvua yanapita mbali.

Kuku wakiachwa huru hupekua udongo na kula mabuu, nao ni msaada mzuri. Lakini usijenge banda la kuku wala kufunga mbuzi karibu na mzinga. Mnyama asiyeweza kukimbia huweza kuuawa na nyuki waliochokozwa.

SIKU YA KURINA

Makundi mengi hupotea kwa sababu ya jinsi ya kurina. Chukua masega ya asali iliyofunikwa kwa nta, uwaachie nyuki akiba yao, na usiguse masega ya majana. Asali isimwagike ndani ya mzinga wala chini yake, maana harufu yake ni mwaliko kwa mbawakavu wa mtaa mzima. Weka masega kwenye ndoo safi yenye mfuniko unaobana, na uyakamue siku hiyohiyo au kesho yake. Ndoo iliyosahauliwa jikoni juma zima ni mzinga usio na walinzi. Mayai yaliyomo yataanguliwa, na jasho lako litageuka ute.

Kama kundi limekwisha kuhama, usiuache mzinga ukiwa na masega ukitumaini kwamba nyuki watarudi. Masega hayo yaweza kulea maelfu ya mabuu. Yatoe mara moja. Yaliyo mazima yayeyushe upate nta. Yaliyooza yachome moto au yatumbukize katika maji yanayochemka. Mwenye friza yenye baridi kali aweza kuyalaza humo saa 24, na kila yai na buu atakufa. Kisha osha mzinga, uanike juani, ndipo uuweke tena.

MTEGO, WALA SI SUMU

Ukiona mbawakavu wamezidi ingawa kundi lina nguvu, tumia mtego. Chukua kisanduku kifupi, tia mafuta ya kupikia kina cha kidole, kifunike kwa wavu wenye matundu ya milimita 3 hivi, kisha kiweke kwenye sakafu ya mzinga. Mbawakavu anapofukuzwa na nyuki hutafuta gizani pa kujificha. Atapenya kwenye wavu na kuzama, ilhali nyuki hawezi kupita. Badilisha mafuta kila baada ya wiki mbili au tatu.

Lakini nakusihi, msomaji, usishike kopo la dawa ya kuulia mende. Nyuki naye ni mdudu. Sumu imuuayo mbawakavu humuua na nyuki. Isitoshe, nta hunyonya sumu na kuihifadhi, na asali ile utampa mtoto mwenye kikohozi au utamwuzia jirani anayekuamini. Wala usimwage oili chafu au mafuta ya taa ardhini, kwa maana wengi wetu huku twachota maji ya visima. Na asali iliyochacha isichemshwe ikatiwa chupani kwenda sokoni. Kufanya hivyo ni kumwibia mnunuzi.

UWANJA WAKO UNAFAA?

Limebaki swali moja, nalo lingepaswa kuulizwa kabla ya kununua mzinga. Nyuki wa pwani yetu ni wakali wanapoguswa, na kundi linalosumbuliwa na mbawakavu, au linalofunuliwa mara kwa mara ili litibiwe, huzidi kuwa kali. Kama kiwanja chako kimebanana na cha mwenzako, na watoto hupita hapo kwenda shule, mzinga huo haustahili kuwapo, hata kama wewe mwenyewe huogopi kuumwa. Zungumza na majirani kwanza, na umwone ofisa wa ufugaji nyuki wa halmashauri yako. Penye nafasi finyu, afadhali kujiunga na wenzako mkaweka mizinga shambani, upande wa Vikindu au Mkuranga, na kwenda kuikagua kwa zamu. Au fuga wale nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao ni kidogo lakini hupendwa sana. Hao nao walindwe dhidi ya mbawakavu huyohuyo, hasa mzinga wao unapopasuka.

Yeyote afuataye nyuki hula asali, lakini lazima awafuate kwa makini. Jumapili hii, kabla jua halijazama, zunguka mzinga wako bila kuufunua. Tazama kama walinzi wapo mlangoni, nusa kama kuna harufu ya kuchacha, kagua nyufa, kisha chukua kijiti upekue udongo ulio chini yake. Ukikuta mabuu meupe yenye miguu sita, anza kazi leo.