Magofu ya Tongoni na Fasihi ya Pwani ya Tanga: Mambo ya Kujua Kabla ya Ziara

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Kusini mwa Jiji la Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani, umbali upatao kilomita 17, kuna mahame ya mji wa kale wa Waswahili yanayojulikana kwa jina la Tongoni. Hapo, kati ya minazi na ukingo wa bahari, yamesalia magofu ya msikiti wa mawe pamoja na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya karne ya 14 na ya 15. Wataalamu wa mambo ya kale wanalitambua eneo hili kuwa lenye mkusanyiko mkubwa kuliko mwingine wowote wa makaburi ya nguzo katika pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Wananchi wengi hupita njia hiyo wakielekea Pangani bila kusimama. Hata miongoni mwa wanaosimama, wapo wanaoyazunguka mawe, wakapiga picha na kuondoka bila kufahamu walichokiona, kwa kuwa mawe ya Tongoni yana maandishi machache mno. Makala haya yanaeleza historia ya eneo hilo, maandiko yanayoweza kumsaidia mgeni kulielewa, na wajibu wa kila mwananchi anayefika hapo.

Jina na asili ya mji

Neno "tongo", ambalo wingi wake ni "matongo", lina maana ya mahali palipowahi kukaliwa na watu kisha pakahamwa. Tongoni, basi, ni "kwenye mahame". Jina hilo walilitoa watu waliokuja baadaye na kuukuta mji ukiwa umekwisha kuachwa. Mji wenyewe ulipokuwa hai uliitwa Mtangata, nao ulikuwa mmoja wa miji ya pwani iliyoishi kwa uvuvi, kilimo na biashara ya baharini iliyotegemea pepo za msimu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha.

Vifaa vya ujenzi vilitoka palepale pwani. Wajenzi walitumia matumbawe yaliyochimbwa baharini na ardhini. Walichoma matumbawe hayo kupata chokaa, na wakaezeka kwa boriti za mikoko. Tumbawe linalotolewa baharini likiwa bado na unyevu huwa laini, hivyo fundi huweza kulichonga kwa ustadi kabla halijakauka na kuwa gumu. Ndiyo sababu mihrabu na nakshi za misikiti ya kale ya pwani zina mistari safi ambayo si rahisi kuipata kwenye jiwe la kawaida.

Mgeni anayeingia katika magofu ya msikiti ataiona sehemu ya mihrabu upande wa kaskazini. Mpangilio huo ni wa lazima, kwa kuwa ukiwa katika pwani ya Tanga, Makka iko kaskazini. Hivyo, hata pale ambapo paa limeanguka na kuta zimebomoka, ukiiona mihrabu utajua waumini wa Mtangata walielekea wapi walipokuwa wakisali.

Makaburi yaliyopambwa kwa kaure

Nje ya msikiti ndipo yalipo makaburi. Baadhi yamezungushiwa kuta fupi zenye nakshi, na juu yake ikasimamishwa nguzo ya mawe. Aina hii ya kaburi ni sanaa ya Waswahili wenyewe, nayo hupatikana kutoka pwani ya kusini mwa Somalia, kupitia Kenya, hadi Tanzania. Bakuli na sahani za kaure kutoka China, pamoja na vyombo vilivyotiwa rangi kutoka nchi za Kiislamu, vilipachikwa kwenye nguzo na kuta za makaburi kama mapambo. Vyombo hivyo vilionesha hadhi ya marehemu na upana wa mahusiano ya kibiashara ya mji wake.

Leo mgeni akizitazama nguzo hizo ataona zaidi mashimo ya mviringo kuliko vyombo vyenyewe. Vingi vimebanduliwa katika nyakati mbalimbali, na nguzo nyingi zimeanguka. Kila shimo ni mahali ambapo palikuwa na ushahidi. Kutokana na chombo kimoja cha kaure, mtaalamu huweza kukadiria umri wa kaburi na kutambua nchi chombo kilikotoka. Chombo kikishaondolewa, kaburi hubaki bila tarehe, na chombo nacho, popote kilipo, hubaki bila historia.

Mfano ulio wazi ni wa maandishi. Mwaka 1857, msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Tongoni kabla ya safari yake ya bara kutafuta maziwa makuu, na baadaye akaandika juu ya kigae chenye maneno ya Kiajemi kilichokuwa kimepachikwa kaburini. Katika eneo lenye maandishi machache kiasi hiki, kigae hicho kilikuwa na thamani isiyopimika. Leo hakipo tena juu ya kaburi. Tunajua kwamba kilikuwapo kwa sababu tu mtu alikiandika.

Mtangata katika shajara ya mabaharia

Maandiko ya kale zaidi yanayoitaja sehemu hii yanatokana na safari ya kwanza ya Vasco da Gama. Mmoja wa mabaharia wake aliandika shajara ya safari hiyo, na humo tunasoma kwamba mwezi Aprili 1498, kabla ya kufika Mombasa, meli iliyoitwa São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya pwani hii. Wenyeji walikwenda kwa mashua zao na kuwapelekea wageni machungwa, ambayo mwandishi aliyasifu kuwa mazuri kuliko ya kwao Ureno.

Katika safari ya kurudi kutoka India, Januari 1499, Wareno walisimama tena hapo. Ugonjwa ulikuwa umewaua mabaharia wengi kiasi kwamba waliosalia hawakutosha kuendesha meli tatu. Waliichoma moto São Rafael na kugawana mizigo na watu katika meli mbili zilizobaki. Katika siku walizokaa, walipata kuku kutoka kwa wanakijiji kwa kubadilishana na mashati na bangili. Shajara inakitaja kijiji hicho kwa jina ambalo wanahistoria wanalitambua kuwa Mtangata.

Maelezo hayo ni mafupi, lakini yana faida kubwa kwa mgeni wa Tongoni. Yanamwonesha kwamba karne tano zilizopita mahali hapa palikuwa na watu wenye bustani za machungwa, mifugo na vyombo vya baharini, na waliokuwa tayari kufanya biashara na mgeni. Hata hivyo ni maelezo ya mpita njia, aliyeutazama mji kutoka sitahani. Sauti ya wenyeji inatulazimu kuitafuta katika fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa na watu wa pwani hii wenyewe, ingawa ni ya karne za baadaye.

Utenzi wa vita vya Pangani

Msafiri akiendelea na barabara hiyo hiyo kutoka Tongoni, atafika Pangani, mji uliokuwa kitovu cha upinzani dhidi ya ukoloni. Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kuyatwaa mamlaka ya miji ya pwani, wakazi wa Pangani walikataa, na vita vilienea katika pwani ya Mrima. Bushiri bin Salim, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa vita hivyo, alikamatwa na kunyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Habari za vita hivyo hazikubaki katika ripoti za Wajerumani pekee. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanazuoni na mshairi wa pwani hii, alizitungia utenzi unaojulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wenye kutaja mwaka 1307 wa Hijria, unaoanzia Agosti 1889. Mshairi huyo ndiye pia mtunzi wa Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Kwa njia hiyo mwananchi wa leo anaweza kuyasoma matukio ya 1888 na 1889 kwa lugha yake, katika bahari ya ushairi anayoifahamu, na kwa mtazamo wa mtu aliyeishi zama hizo.

Machui, nyumbani kwa Shaaban Robert

Kati ya Tanga mjini na Tongoni, upande ule ule wa kusini, ipo Machui. Hapo katika kijiji cha Vibambani alizaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari 1909, na kaburi lake liko huko huko Machui. Alifanya kazi serikalini kwa zaidi ya miaka 30, kwanza katika forodha, kisha katika idara ya wanyamapori, na hatimaye katika ofisi za Tanga, ikiwemo ya upimaji. Alifariki dunia Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Ziara ya Tongoni inayoanzia Machui humkumbusha msafiri mojawapo ya vitabu vya mwandishi huyo, Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951. Humo, mshtakiwa Karama anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mema ya kuinufaisha nchi. Kila mmoja alirudi na maarifa, na kila mmoja akaishia kifungoni kwa sababu wakubwa wa nchi hawakutaka kusikia. Kosa la Kusadikika lilikuwa kuyatupa maarifa yaliyokwisha kupatikana kwa taabu. Jamii inayoacha magofu yake yabanduliwe, na vitabu vyake visisomwe, hufanya kosa linalofanana na hilo.

Sheria na wajibu wa mgeni

Mambo ya kale nchini yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Majengo yaliyojengwa na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 yana ulinzi wa kisheria, na magofu ya Tongoni yamo katika kundi hilo. Kutokana na sheria hiyo na kanuni za usimamizi wa maeneo ya kihistoria, mwananchi anapaswa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, hairuhusiwi kuchimba, kubandua wala kuondoa kitu chochote. Hata kipande kidogo cha chungu kilicholala mchangani ni ushahidi, na mahali kilipo ni sehemu ya ushahidi huo.

Pili, anayegundua kitu cha kale, iwe shambani, ufukweni au wakati wa ujenzi, akiache mahali kilipo na atoe taarifa kwa mamlaka. Anaweza kuanzia kwa Serikali ya Kijiji au ya Mtaa, ili taarifa ifike kwa wataalamu wa mambo ya kale.

Tatu, viingilio hulipwa kwa utaratibu wa Serikali, kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo, na mgeni adai stakabadhi. Shule na vikundi vinashauriwa kutoa taarifa mapema ili waandaliwe mwongozaji.

Nne, wageni wasipande juu ya kuta, wasiegemee nguzo wala kukanyaga makaburi. Chokaa iliyokaa karne nyingi katika hewa ya chumvi huwa dhaifu, na mguu mmoja huweza kuangusha kilichohimili mvua za miaka 500.

Tano, Tongoni ni mahali pa ibada na pa maziko. Mgeni avae mavazi ya stara, apunguze sauti, na awaheshimu wanaofika kuwaombea dua marehemu. Adabu hizo humfaa pia katika misikiti, makanisa na mahekalu ya Wahindu yaliyomo Tanga mjini. Katika misikiti na mahekalu, viatu huvuliwa mlangoni, na katika nyumba zote za ibada picha hupigwa kwa idhini.

Namna ya kuipanga ziara

Ziara inaweza kukamilika kwa siku moja. Msafiri atoke Tanga mjini asubuhi, apitie Machui, afike Tongoni kabla ya jua la mchana, kisha aendelee hadi Pangani kuuona mji mkongwe na mdomo wa Mto Pangani. Katika miezi ya mvua za masika ni vyema kuulizia kwanza hali ya barabara. Kwa kuwa ziara za mahali pa maziko zinahusu pia hisia za wenyeji, inafaa kupita katika ofisi ya mtaa au ya kijiji kabla ya kwenda makaburini Machui.

Walimu wa Historia na Kiswahili wanaweza kunufaika zaidi wakiiandaa ziara hiyo kwa pamoja. Wanafunzi wakisoma sehemu ya Kusadikika na ya utenzi wa Hemedi al-Buhriy kabla ya safari, watafika wakiwa na maswali. Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni kuelekea tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021.

Bahari na mvua vitaendelea kuyala mawe ya Tongoni, na kuyahifadhi ni kazi ya wataalamu na ya bajeti. Kuzuia mkono wa binadamu, kwa upande mwingine, kuko ndani ya uwezo wa kila mwananchi. Kigae alichokiona Burton kilitoka kaburini zamani. Vilivyosalia bado vipo mahali pake. Anayekwenda Tongoni aviangalie, aviandike, aviache hapo, na aliyekiona kitu kikiharibiwa asisite kutoa taarifa.