UTAFITI WA IDADI YA WATU: KAZI ISIYOISHA NA SENSA

Watumishi na wananchi wanafahamishwa kuwa Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwemo 1,889,773 wa Zanzibar. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa Mwembesongo, mjini Morogoro, baada ya Agosti mwaka huo hamo katika hesabu hiyo, ingawa anahitaji chanjo na dawati.

Pengo hilo huzibwa na watafiti. Mwaka 1992 mradi wa AMMP, kwa fedha za Uingereza, ulianza kuandikisha vifo na sababu zake Morogoro Vijijini. Ulimalizika mwaka 2004. Ufadhili una kikomo, utaalamu hubaki.

Vijana wanahimizwa kuulizia masomo katika Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam, na kufuatilia semina za intaneti za IUSSP, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu hao.