Jina Likikosewa Jeshini: Namna ya Kusahihisha Kumbukumbu za Askari wa Zamani



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa familia nyingi za askari wa zamani wa Keya, daftari lipo, ila limeandikwa vibaya. Jina ni la mtu mwingine, umri haulingani, wilaya haijulikani. Mzee au mjane anapofika ofisini anaambiwa kwamba mtu huyo si yeye. Makala hii inaeleza makosa hayo yalitoka wapi, yanaleta hasara gani leo, na kamati ya parokia inaweza kufanya nini.

Makosa yalivyoingia

King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Katika Vita Kuu ya Pili liliandikisha vijana wengi kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Vijana hao walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944.

Siku ya kuandikishwa, kijana alisimama mbele ya karani ambaye mara nyingi hakujua lugha yake. Karani aliandika alichosikia. Makosa yanayoonekana zaidi ni haya:

Jina. Herufi r na l zilibadilishana, na Yohana akawa Johani au Yohani. Wengine walitoa jina la nyumbani, wengine la ubatizo, wengine jina lao na la baba kwa kutumia "bin". Wapo waliobatizwa baada ya kurudi vitani, hivyo jina la jeshini halifanani kabisa na lile wanalojulikana nalo kijijini.

Umri. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Karani alimtazama kijana na kukadiria. Nyumbani walijua tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa fulani.

Mahali. Wilaya zimegawanywa mara nyingi tangu wakati wa ukoloni. Kijiji kilichoandikwa chini ya boma moja leo kiko wilaya nyingine, pengine hata mkoa mwingine.

Namba ya jeshi. Tarakimu moja ikikosewa wakati wa kunakili, faili linakuwa la mtu mwingine.

Kubadilika kwa majeshi. Kikosi cha sita cha Keya kiligeuka kuwa Tanganyika Rifles wakati wa uhuru, Desemba 1961. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kwa hiyo mtu aliyeandikwa jeshini mwaka 1958 anaweza kuwa na karatasi za majeshi matatu, na jina likaandikwa kwa namna tatu.

Hasara yake leo

Kijana aliyezaliwa mwaka 1927, akaingia vitani mwisho mwisho, leo anakaribia karne moja au ameipita. Waliobaki ni wachache mno. Lakini wapo wajane, na wapo wazee walioingia Keya miaka ya 1950, kabla ya uhuru. Royal Commonwealth Ex-Services League, chama kilichoanzishwa Cape Town mwaka 1921, hutoa misaada kwa wasiojiweza kati yao kupitia vyama vya askari wa zamani vya kila nchi. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu paundi milioni 12 kwa miaka mitano kwa ajili ya watu hao, hasa kuwapatia chakula. Msaada wa namna hii hautolewi bila uthibitisho kwamba mtu alitumikia jeshi hilo, au kwamba alikuwa mke wa aliyetumikia.

Ugumu wa uthibitisho si jambo jipya. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari Waafrika waliolitumikia jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, wazee mia kadhaa walifika Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Ofisa wa malipo akampa kila mmoja fagio badala ya bunduki na kumwamuru kwa Kijerumani afanye kwata. Wote wakaweza. Wazee wale walibeba ushahidi katika miili yao. Mjane hana nafasi hiyo. Hawezi kupewa fagio afanye kwata ya marehemu mumewe. Yeye anategemea karatasi peke yake.

Hasara nyingine ni ya waliokufa. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, iliahidi kumkumbuka kila aliyekufa kwa jina lake, bila kujali cheo wala rangi. Aprili 2021 ripoti iliyotolewa na tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba ahadi haikutimizwa. Watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Sanamu za askari zilizopo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa hazina majina ya wapagazi na askari waliokufa, ingawa mitaa ya Kariakoo na Kariokor bado inabeba jina la kikosi cha wapagazi. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Januari 2025 mnara mpya ulizinduliwa Cape Town ukiwa na majina ya zaidi ya watu 1,700 wa Afrika Kusini ambao hawakuwa wamekumbukwa. Kwa hiyo kusahihisha kunawezekana, hata baada ya miaka mia moja.

Kusahihisha si kufuta

Jambo kubwa tunaloomba kamati zielewe ni hili: kumbukumbu ya zamani haibadilishwi, bali huunganishwa. Familia nyingi hudhani dawa ni kupata karatasi mpya yenye jina sahihi. Karatasi mpya peke yake haisaidii, maana aliye ofisini ataona watu wawili tofauti. Kinachotakiwa ni mnyororo wa ushahidi unaoonyesha kwamba mtu aliyeandikwa hivi jeshini ndiye yule yule aliyeandikwa vile kanisani, na ndiye aliyefariki kwa jina hili kijijini. Kila pete ishike nyenzake.

Hatua za kufuata

1. Kusanyeni kila kitu kabla ya kwenda popote. Cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, nishani, barua, picha, hata bahasha yenye anwani ya kikosi. Msisafishe, msigundishe kwa gundi, wala msisahihishe kwa kalamu juu ya hati ya asili. Hati iliyoandikwa juu yake hushukiwa yote.

2. Tafuteni namba ya jeshi. Majina yanafanana, lakini namba ni ya mtu mmoja katika kikosi chake. Nishani nyingine zimechorwa namba na jina pembeni. Kama namba ina herufi mbele yake, nakilini na herufi hizo.

3. Andikeni orodha ya majina yote ambayo mtu huyo aliwahi kuitwa, kila jina na mahali lilipotumika.

4. Fungueni vitabu vya parokia. Kitabu cha ubatizo kina jina la mbatizwa, wazazi na wasimamizi wake, na pembeni mwa ukurasa mara nyingi kuna maelezo ya kipaimara na ndoa. Kitabu cha ndoa ndicho kinachomuunganisha mjane na marehemu. Angalizo: tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa. Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani, andikeni "karibu na mwaka" fulani na mtaje tukio linalokumbukwa. Kukisia tarehe kamili ni kuongeza kosa juu ya kosa. Kwa familia za Kiislamu, ulizeni hati za ndoa kwa sheikh au kadhi aliyefungisha.

5. Pateni barua ya serikali ya kijiji au mtaa, na cheti cha kifo kama mzee amefariki. Kwa Tanzania Bara vyeti hivyo hushughulikiwa na RITA.

6. Apeni hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo au hakimu. Hati itaje majina yote, iseme wazi kwamba ni ya mtu mmoja, na ieleze anayeapa amejuaje. Kiapo cha jirani mzee asiye na faida katika shauri huwa na uzito kuliko cha mrithi.

7. Pelekeni nakala panapohusika. Kwa aliye hai au mjane, anzeni na chama cha askari wa zamani: Tanzania Legion kwa Tanzania, DEFOCA kwa Kenya. Kwa aliyekufa vitani, andikieni tume ya makaburi ya vita, ambayo makao yake yako Maidenhead, Uingereza. Orodha yake ya majina hutafutwa bure katika intaneti, na hupokea maombi ya kusahihisha yenye ushahidi. Tume hushughulika na vifo vya kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Msidhani kila kitu kiko London. Kumbukumbu za askari Waafrika kwa sehemu kubwa zilibaki huku huku Afrika.

8. Msitoe hati ya asili. Toeni nakala iliyothibitishwa, na nakala moja ibaki parokiani.

Tahadhari

Msiwaahidi wazee fedha. Kurekebishwa kwa jina si hundi. Askari wengi wa wakati wa vita hawakuwa na haki ya pensheni tangu mwanzo. Walipewa malipo ya mkupuo walipoachishwa, na nyaraka zilizochapishwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo hayo yalipangwa kwa rangi ya mtu. Hilo ni dai la haki la namna yake, na hati ya kiapo haitalimaliza. Anayepita vijijini akikusanya ada ya "fomu za Keya" aulizwe ametumwa na nani, na taarifa itolewe mapema.

Wajibu wetu

Kwa wafadhili wetu, kazi hii haihitaji jengo wala gari. Inahitaji nauli ya mjane kwenda wilayani, ada ya kiapo, nakala za karatasi na katibu wa parokia mwenye subira. Kwa kamati, tunaomba kila parokia iteue watu wawili, mmoja anayesoma vitabu vya zamani na mmoja anayewasikiliza wazee. Waanze na walio na umri mkubwa zaidi, kwa maana shahidi wa kiapo akifariki, pete moja ya mnyororo inakatika na hakuna ofisi inayoweza kuiunga. Vile vile vitabu vya ubatizo na ndoa vikaguliwe. Vinavyoliwa na mchwa vihamishwe, na kurasa zinazochanika zipigwe picha sasa. Mjane atakayekuja mwakani kutafuta jina la mumewe atalihitaji lisomeke.