Si Kila Kikohozi cha Muda Mrefu ni Kifua Kikuu

Mtu wa Ufipa akikohoa miezi miwili, akakonda na kutoa makohozi yenye damu, jirani humwambia: "Hiyo ni TB." Mara nyingi huwa amesema kweli, na kupima makohozi ni lazima. Lakini upo ugonjwa mwingine unaovaa vazi hilo hilo, nao huanzia kwa mbwa.

Katika utumbo wa mbwa huweza kuishi tegu mdogo wa milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakachafua majani, maji na manyoya. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huyala malishoni. Mtoto huyameza kwa mikono isiyooshwa. Mwilini, yai hugeuka kifuko cha maji, aghalabu katika ini au mapafu, kikakua kimya kwa miaka. Turkana, nchini Kenya, inajulikana sana kwa ugonjwa huu; kwetu Tanzania umeonekana kwa wafugaji wa Kimasai wa kaskazini. Nasi wa Sumbawanga tunafuga mifugo na mbwa pamoja. Tuna haja ya kuujua.

Kipimo cha ultrasaundi hulifaa ini, lakini hewa ya mapafu hukizuia. Hapo eksirei ya kifua ndiyo hutangulia. Kifuko kizima huonekana kama mpira mweupe wenye ukingo laini. Kikianza kuachana na ganda lake, hewa hupenya, ikachora umbo la hilali. Kikipasuka, utando huelea juu ya maji kama jani la yungiyungi. Mgonjwa aweza kukohoa maji ya chumvi na vipande mfano wa maganda ya zabibu. Amweleze daktari hayo, na kwamba anaishi na mbwa. Kwani kifuko kikichomwa sindano bila kujulikana, maji yake yaweza kumwagika na kuleta mshtuko wa kuua. Picha peke yake haikati shauri. Vipimo vingine huithibitisha. Tiba ni upasuaji, pamoja na dawa ya albendazo.

Ndugu wasomaji, kinga imo mikononi mwetu. Siku ya kuchinja udh-hiya, ini au pafu lenye vifuko lisitupiwe mbwa; lichomwe au lifukiwe kwa kina. Sheria ya twahara imekwisha tufunza kuosha chombo alichoramba mbwa. Tuwafunze watoto wetu kuosha na mikono kabla ya kula.